Kdump kwenye NAS: namna ya kuhifadhi dampu ya kerneli ya Linux nje ya seva yenyewe

FundiUyole

Salamu wakuu wa Nyanda za Juu Kusini. Uzi huu ni wa wanaosimamia seva za Linux maofisini, vyuoni, hospitalini na kwenye SACCOS, kuanzia Tunduma mpaka Iringa. Seva inaanguka saa nane usiku, inajiwasha yenyewe, asubuhi kazi zinaendelea na hakuna anayejua kilichotokea, kwa sababu logi za kawaida hukatika palepale kerneli, kiini cha mfumo, inapoanguka. Ushahidi unaobaki ni dampu ya kerneli, yaani nakala ya memori ilivyokuwa wakati ule.

Wengi huiacha dampu iandikwe /var/crash kwenye diski ya seva hiyohiyo. Tatizo ni kwamba mara nyingi mkosaji ni diski yenyewe, draiva yake au kadi ya RAID inayounganisha diski kadhaa. Kerneli ikianguka kwa sababu ya kadi ya RAID, hutegemei kadi hiyohiyo ikuandikie ushahidi. Ndiyo maana NAS, yaani kifaa cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao, inafaa: iko nje, na inapokea kutoka seva zote.

Kwanza tuelewane kinachotokea, maana makosa mengi yanazaliwa hapa. Kdump, mfumo wa kuchukua dampu hiyo, iliingia kwenye kerneli rasmi mwaka 2005, toleo la 2.6.13, pamoja na kexec, njia ya kerneli moja kuwasha nyingine. Inatenga kipande cha RAM tangu seva inapowaka, na ndani yake inapakia kerneli ya pili ambayo inakaa tu ikisubiri. Kerneli kuu ikianguka, kexec inairukia hii ya pili bila kupita BIOS. Ya pili inaiona memori ya ile iliyoanguka kupitia /proc/vmcore, programu ya makedumpfile inaichuja na kuibana, kisha faili linaandikwa mahali ulipoelekeza na seva inawashwa upya.

Sasa shika hili: kerneli ya pili ni fukara. Ina mega 256 au 512 za RAM, prosesa moja, na draiva zile tu zilizomo kwenye initramfs yake, yaani faili dogo la kuwashia lenye draiva na programu za mwanzo. Haina NetworkManager uliyoizoea ikiwa na kila kitu, haina DNS unayoitegemea, haina mtu wa kuisaidia. Kila kitu kati yake na NAS lazima kiwe tayari kabla.

Mfano wangu ni AlmaLinux 9, seva yenye IP 192.168.20.21, na NAS ya Synology yenye 192.168.20.10. Rocky na RHEL 9 ni vilevile.

Upande wa NAS: washa NFS (itifaki ya kushiriki folda kwenye mtandao) kwenye Control Panel, File Services. Tengeneza folda ya pamoja iitwe kdump. Kwenye NFS Permissions ya folda hiyo weka IP ya kila seva peke yake, ruhusa ya kusoma na kuandika, na pale kwenye Squash chagua No mapping, yaani root wa seva abaki root kwenye folda hiyo. Usiweke mtandao mzima wa /24. Kama NAS yako ni Linux ya kawaida, mstari wa /etc/exports ni huu (no_root_squash ndiyo ile No mapping):

`/srv/kdump 192.168.20.21(rw,sync,no_root_squash,no_subtree_check)`

kisha `exportfs -ra`.

Upande wa seva, pachika folda kwa muda ili utengeneze folda ndogo ya seva hii, kisha ondoa:

`mount -t nfs 192.168.20.10:/volume1/kdump /mnt`
`mkdir /mnt/mbeya-db1`
`touch /mnt/mbeya-db1/jaribio && rm /mnt/mbeya-db1/jaribio`
`umount /mnt`

Hiyo touch usiiruke. Ndiyo inayokuambia kama root wa seva anaruhusiwa kuandika kule.

Kisha /etc/kdump.conf iwe na mistari hii tu, mingine yote iwe na alama ya #:

`nfs 192.168.20.10:/volume1/kdump`
`path /mbeya-db1`
`core_collector makedumpfile -l --message-level 7 -d 31`
`failure_action dump_to_rootfs`
`final_action reboot`

Tumia IP, usitumie jina. Mstari wa failure_action unasema NAS isipopatikana, jaribu diski ya ndani. Si kinga kamili, ila ni afadhali kuliko kukosa vyote.

Memori ya kutenga: angalia `cat /proc/cmdline`. Toleo la 9 kwa kawaida linaweka `crashkernel=1G-4G:192M,4G-64G:256M,64G-:512M`. Kwa dampu ya mtandao napendelea 512M moja kwa moja kwenye seva yenye RAM ya giga 32 au zaidi:

`grubby --update-kernel=ALL --args="crashkernel=512M"`

Washa upya, halafu:

`systemctl enable --now kdump`
`kdumpctl restart`
`kdumpctl status`

Lazima iseme Kdump is operational. Pia `cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded` itoe 1. Ikitoa 0, hakuna kerneli ya pili iliyopakiwa na mengine yote ni bure.

---

Kihesa

Kamwene mkuu. Maelezo yamenyooka. Hapa kuna Rocky 9, nimefuata kila kitu isipokuwa mstari wa path nimeuacha. `kdumpctl restart` inakataa, inalalamika kwamba dump path haipo kwenye dump target. Folda ya NAS ipo na inapachikika vizuri kwa mkono. Nakosea wapi?

---

FundiUyole

Kaka Kihesa, ni huo huo mstari ulioacha. Ukiacha path, kdump inachukua thamani yake ya kawaida, /var/crash, na inaiunganisha na folda ya NAS. Kwa hiyo inatafuta /volume1/kdump/var/crash kule kwenye NAS, ambayo haipo. Ama utengeneze var/crash ndani ya folda ya NAS, ama uandike path yako. Mimi nashauri path yenye jina la seva, kwa sababu folda ya dampu inaitwa kwa IP na tarehe, na IP peke yake baada ya miezi sita haikukumbushi ilikuwa seva ipi.

---

DadaMakambako

Naongezea kwenye majaribio, kwa sababu hapo ndipo watu wanajidanganya. "Operational" maana yake kerneli ya pili imepakiwa. Haimaanishi dampu itafika. Njia ya kujua ni moja: iangushe kerneli kwa makusudi, usiku, watumiaji wakiwa wameambiwa, hifadhidata imezimwa kwa utaratibu.

`systemctl stop mariadb`
`sync`
`echo c > /proc/sysrq-trigger`

Maelekezo mengi yanakutaka kwanza uweke 1 kwenye kernel.sysrq. Si lazima. Thamani ile inahusu vibonye vya kibodi tu; root akiandika kwenye /proc/sysrq-trigger anaruhusiwa daima.

Baada ya seva kurudi, nenda kwenye NAS. Ikienda sawa utakuta folda kama 192.168.20.21-2025-03-14-01:12:40 yenye vmcore (dampu yenyewe), vmcore-dmesg.txt (ujumbe wa kerneli iliyoanguka) na kexec-dmesg.log (ujumbe wa kerneli ya pili). Mambo matatu ya kusoma hapo:

Hakuna folda kabisa: kerneli ya pili haikuwaka, au iliwaka ikakosa mtandao, au ilikufa kwa kukosa memori.

Kuna folda, kuna vmcore-dmesg.txt, lakini faili kubwa linaitwa vmcore-incomplete: mtandao na ruhusa viko sawa, uandishi umekatwa katikati. Tafuta nafasi kwenye NAS, kiwango cha folda, au watchdog (kipima muda kinachowasha upya seva iliyoganda) iliyowasha seva upya kabla kazi haijaisha.

Kuna vmcore-dmesg.txt tu: bado una kitu cha thamani. Kesi nyingi zinatatuliwa na faili hilo dogo bila kufungua vmcore.

Na jaribio lirudiwe. Ukibadilisha kadi ya mtandao, IP, VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi), NAS au swichi, ujue initramfs ya kdump bado ina taarifa za zamani. `kdumpctl rebuild` kisha `kdumpctl restart`, halafu iangushe tena.

---

Loleza

Wakuu, swali. Seva ina RAM ya giga 128 na kadi ya mtandao ya 10 Gb/s yenye poti mbili. crashkernel=256M. Nikiiangusha, skrini inabaki nyeusi dakika kadhaa kisha seva inajiwasha, NAS tupu. Nikiweka dampu kwenye diski ya ndani inafanya kazi. Nini kinazuia mtandao?

---

DadaMakambako

Kaka Loleza, kwanza upate macho. Skrini ya kawaida mara nyingi inakuwa nyeusi kwenye kerneli ya pili kwa sababu kadi ya picha haijaanzishwa upya. Tumia konsoli ya serial kupitia BMC, kompyuta ndogo ya usimamizi iliyo kwenye bodi ya seva. Ongeza `console=ttyS0,115200` kwenye mstari wa kerneli; poti inaweza kuwa ttyS1 kwa baadhi ya bodi. Kisha kutoka mashine nyingine:

`ipmitool -I lanplus -H IP_ya_BMC -U mtumiaji sol activate`

Hapo utaona kerneli ya pili inasema nini. Nakisia utaona "Out of memory" na mchakato umeuawa. Draiva za kadi za 10 Gb/s na kuendelea zinajitengea bafa nyingi za foleni, na kila poti inachukua zake. Kwenye RAM ya giga 128 huhisi kitu, kwenye mega 256 zinameza zote kabla makedumpfile haijaanza. Diski ya ndani inafanya kazi kwa sababu kule draiva ya mtandao haihitajiki kabisa.

Dawa tatu, kwa mpangilio ninaoupendelea:

Peleka dampu kwenye poti ya 1 Gb/s ya kwenye bodi. Seva nyingi wanazo mbili au nne na hawazitumii. Ipe IP kwenye VLAN ya usimamizi, NAS nayo iwe na IP huko. Hakikisha kwa `ip route get` ikifuatwa na IP ya NAS: jina la kiolesura linalotokea ndilo kdump italitumia. Kisha izuie draiva ya kadi kubwa isiingie kwenye initramfs ya kdump kwa mstari wa `dracut_args --omit-drivers` ukitaja jina la moduli, ambalo unalipata kwa `ethtool -i` na jina la kiolesura.

Au ongeza crashkernel mpaka 512M, ikibidi 768M. Endesha `kdumpctl estimate` uone inapendekeza kiasi gani, ila ichukulie kama sakafu, si dari.

Au punguza vinavyopakiwa. Angalia /etc/sysconfig/kdump, kwenye KDUMP_COMMANDLINE_APPEND iwepo nr_cpus=1. Kuna watu huiondoa wakitaka ubanaji uwe wa kasi, kumbe kila prosesa inayoongezwa inadai memori yake na foleni zake.

---

Loleza

Asante dada. SOL (konsoli ile ya serial kupitia mtandao) imeonyesha hivyohivyo, makedumpfile inauawa. Nimehamishia poti ya kwenye bodi na kuacha 512M. Sasa haifi, lakini inasema mtandao hauko tayari kisha inaangukia dump_to_rootfs. Swichi ni ya kusimamiwa, STP (kinga dhidi ya mzunguko wa kebo kati ya swichi) imewashwa.

---

Njombe_Baridi

Ni STP, mkuu. Kerneli ya pili inapoanzisha kadi, kiungo kinashuka na kupanda tena. STP ya kizamani inaiweka poti kwenye kusikiliza sekunde 15, kisha kujifunza sekunde nyingine 15. Nusu dakika nzima taa ya kiungo inawaka na hakuna paketi inayopita. Kerneli ya pili inaona kiungo kipo, inajaribu kupachika NFS, haipati jibu, inakata tamaa.

Iambie swichi kwamba poti hiyo ni ya mwisho, haina swichi nyingine nyuma yake. Kwa Cisco, ndani ya kiolesura: `spanning-tree portfast`. Kwa MikroTik: `/interface bridge port set [find interface=ether5] edge=yes`. Fanya hivyo kwa poti ya seva na ya NAS. Usizime STP yote ili kurahisisha. Siku mtu akichomeka kebo mbili kati ya swichi zilezile, ofisi nzima inasimama.

Kama poti zimefungwa pamoja kwa LACP, kuna kuchelewa kwingine pale swichi na seva zinapokubaliana. Kdump inaweza kutumia bond, VLAN na bridge, lakini kila tabaka ni kitu kingine cha kuharibika wakati ambao huwezi kurekebisha. Poti moja ya kawaida, IP isiyobadilika, ndiyo njia ya dampu. DHCP nayo iache.

---

FundiUyole

Sawasawa kabisa. Na hapohapo angalieni kasi. `ethtool eno1 | grep Speed`. Kebo yenye jozi moja mbovu inashusha kiungo mpaka 100 Mb/s bila kulalamika, na matumizi ya kila siku hayakuonyeshi. Hesabu: 1 Gb/s inabeba kama MB 115 kwa sekunde, 100 Mb/s kama MB 11.5. Dampu isiyochujwa ya RAM ya giga 64 ni karibu dakika 10 kwa ya kwanza na zaidi ya saa moja na nusu kwa ya pili. Muda wote huo seva haifanyi kazi.

Ndiyo sababu ya `-d 31`. Namba hiyo ni jumla: 1 inaondoa kurasa za sifuri, 2 na 4 zinaondoa akiba ya mafaili, 8 inaondoa kurasa za programu za watumiaji, 16 inaondoa kurasa zisizotumika. Kinachobaki ni memori ya kerneli yenyewe, ambayo ndiyo unayoitaka. Ukihitaji pia kurasa za programu, tumia 23, ujue faili litavimba kulingana na hifadhidata ilivyokuwa imejaza RAM.

Kwa ubanaji, `-l` ni LZO, ya kasi. `-c` ni zlib, inabana zaidi lakini kwa prosesa moja inakuwa ndiyo inayochelewesha, si mtandao tena.

Na watchdog ya vifaa. Kama BMC au bodi inahesabu dakika mbili kisha inawasha seva, dampu ya dakika nne haitaisha. Dalili yake ni ileile ya vmcore-incomplete, tena kila mara linakatika karibu ukubwa uleule. Ongeza muda wa watchdog uzidi muda wa dampu uliopima kwenye jaribio.

---

Tunduma_Mpakani

Mimi no_root_squash siipendi. NAS ni ya ofisi nzima, ina mafaili ya wahasibu. SSH inafaa?

---

Kihesa

Inafaa, na faida nyingine ni kwamba data inasafiri imefichwa, tofauti na NFS ya kawaida. Kwenye kdump.conf:

`ssh kdump@192.168.20.11`
`sshkey /root/.ssh/kdump_id_rsa`
`path /srv/kdump/mbeya-db1`
`core_collector makedumpfile -F -l --message-level 7 -d 31`

Kisha `kdumpctl propagate`, ambayo inatengeneza ufunguo na kuupeleka, halafu `kdumpctl restart`.

Hiyo `-F` ni ya lazima kwa SSH, kwa sababu faili linapita kwenye bomba (pipe) na haliwezi kurudi nyuma kurekebisha kichwa chake. Kule linafika likiitwa vmcore.flat. Kabla ya kulisoma, ligeuze: `makedumpfile -R vmcore < vmcore.flat`.

Mawili yanayoangusha SSH. La kwanza, akaunti ya kdump upande wa pili inahitaji gamba (shell) la kweli, kwa sababu kdump inaendesha mkdir, dd na mv kule. Akaunti ya SFTP pekee haitoshi. Kwa hiyo Synology si chaguo zuri kwa njia hii, SSH yake inaruhusu kundi la wasimamizi tu, na kumpa usimamizi mtumiaji wa dampu ni kosa kubwa kuliko no_root_squash unayoikimbia. Tumia mashine ndogo ya Linux yenye diski mbili. La pili, ufunguo wa mwenyeji unakaguliwa kwa ukali. Ukisakinisha upya mashine ya kupokea, ufunguo wake unabadilika na dampu inakataliwa, kimya.

Kama lazima ubaki na Synology, tengeneza volumu au folda ya kdump peke yake. Ruhusa ya root inahusu folda ile tu, haivuki kwenda kwa wahasibu.

---

Tunduma_Mpakani

Nimekuelewa. Na iSCSI, ile ya kupachika diski ya NAS kupitia mtandao?

---

FundiUyole

Inawezekana, ila sioni faida yake hapa. Kila seva itahitaji LUN yake, yaani diski pepe kwenye NAS, iliyofomatiwa na kupachikwa, na kwenye kdump.conf unaitaja kwa UUID, mfano `xfs UUID=` na namba yake. Seva mbili zikipachika LUN moja yenye XFS au ext4 zitaharibu mfumo wa mafaili, hazijui kama kuna mwenzake. Na ukitaka kusoma dampu kutoka mashine nyingine lazima kwanza uiondoe kule. Wenye seva zinazowaka kutoka SAN (mtandao wa diski) tu ndio wafikirie njia hii.

---

Isyesye

Sisi wa Ubuntu mmetusahau.

---

DadaMakambako

Hatujakusahau ndugu. Ubuntu: `apt install linux-crashdump nfs-common`. Debian: `kdump-tools` badala ya linux-crashdump. Faili la mipangilio ni /etc/default/kdump-tools:

`USE_KDUMP=1`
`NFS="192.168.20.10:/volume1/kdump"`
`HOSTTAG="hostname"`
`MAKEDUMP_ARGS="-c -d 31"`

HOSTTAG hiyo inafanya folda iitwe kwa jina la seva badala ya IP. Crashkernel iko /etc/default/grub.d/kdump-tools.cfg, ukiibadilisha endesha `update-grub` na uwashe upya. Kisha `kdump-config show`, kwenye current state iandike ready to kdump. Kuna pia `kdump-config test`, inakuonyesha amri itakayotumika bila kuangusha kitu.

Tofauti kubwa ambayo watu hawaambiwi: kwenye familia ya Red Hat dampu inaandikwa kutoka ndani ya initramfs. Kwenye Debian na Ubuntu, kwa kawaida kerneli ya pili inapachika diski ya mfumo kwanza, ndipo huduma ya kdump-tools inaanza kutoka humo. Kwa hiyo ikiwa mgonjwa ni diski ya mfumo, NAS haitakusaidia, haitafikiwa. Kwa seva hizo washa pia netconsole, ambayo inatuma ujumbe wa kerneli kwa UDP, poti 6666 ikiwa ya kawaida, hadi mashine nyingine inayoandika. Si dampu, ila mistari ya mwisho utaipata.

---

Njombe_Baridi

Umeme haujatajwa, na kwetu huku lazima utajwe. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua na radi ni za kila wiki. Watu wanaweka seva na NAS kwenye UPS, swichi wanaichomeka ukutani. Umeme ukiyumba, swichi inazima, seva inaendelea, na kama kerneli imeanguka kwenye mtikisiko huohuo, dampu haina pa kupita. Swichi iliyo kati ya seva na NAS iwe kwenye UPS ileile. Inakula wati chache tu.

NAS ikiwa jengo lingine, vuta faiba, si kebo ya shaba. Radi ikipiga karibu, shaba inaleta mshtuko mpaka kwenye poti za pande zote mbili. Faiba haibebi umeme.

Kwenye Synology, ndani ya kanuni ya NFS kuna kisanduku cha asynchronous. Kikiwashwa uandishi ni wa kasi, lakini NAS inajibu "nimeandika" kabla haijaandika diskini. Umeme ukikatika hapo, una vmcore yenye jina kamili na tumbo tupu. Kwa folda ya dampu kizime.

---

Kihesa

Swali la mwisho kutoka huku Iringa. Ofisi kuu iko Mbeya, NAS kubwa iko huko. Tawi letu lina seva mbili na kiungo cha 10 Mb/s. Nielekeze dampu moja kwa moja Mbeya?

---

FundiUyole

Hapana. Dampu ya giga 2 kwenye 10 Mb/s ni dakika 27 kama kiungo ni chako peke yako, na seva imelala muda wote huo. Halafu unategemea ruta, VPN na mtoa huduma wote wawe wazima wakati huohuo, na ile kerneli ya pili haijui kuanzisha VPN. Weka NAS ndogo ya diski mbili hapohapo Iringa, dampu iishie hapo. Usiku cron iipeleke Mbeya:

`rsync -a --partial --bwlimit=1000 /srv/kdump/ nakala@IP_ya_Mbeya:/srv/kdump/iringa/`

Hiyo ni kama mega 1 kwa sekunde, giga 2 zitachukua dakika 35 na simu za ofisi hazitakwama. `--partial` inafanya kiungo kikikatika isianze mwanzo.

Usafishaji pia uwe wa cron. Futa vmcore za zaidi ya siku 60, ila vmcore-dmesg.txt ziache, ni ndogo na ndizo zinazoonyesha kama kosa la leo ni lile la mwaka jana:

`find /srv/kdump -name vmcore -mtime +60 -delete`

---

Loleza

Taarifa: edge=yes kwenye poti mbili za MikroTik na vmcore imefika NAS nzima. Sasa naisomaje?

---

DadaMakambako

Hongera kaka. Anza na vmcore-dmesg.txt, tafuta kuanzia chini: BUG, RIP, Call Trace, na neno Tainted linalokuambia kama kuna moduli ya nje. Ukihitaji zaidi, usisome kwenye seva ya kazi. Chukua mashine nyingine, sakinisha crash, na upate kernel-debuginfo (alama za kuisomea kerneli) ya toleo lilelile kabisa lililoanguka. `crash --osrelease vmcore` inakutajia toleo. Kisha:

`crash /usr/lib/debug/lib/modules/TOLEO/vmlinux vmcore`

Ndani yake `log` ni ujumbe wa kerneli, `bt` ni mnyororo wa miito ya mchakato ulioangusha, `kmem -i` ni hali ya memori, `ps` ni michakato. Toleo likitofautiana hata kwa namba ya mwisho, crash inakataa.

Na mlinde faili hilo. Hata kwa `-d 31`, memori ya kerneli inaweza kuwa na funguo za usimbaji, vipande vya paketi, majina ya mafaili ya wagonjwa au wateja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na vmcore inaweza kubeba taarifa hizo sawa na hifadhidata. Folda iwe 700, NFS iwe VLAN yake, na mtu wa nje akiomba vmcore ili akusaidie, mpe kwanza vmcore-dmesg.txt.

---

Isyesye

Na seva inayoganda tu bila kuanguka? Ping inajibu, SSH haijibu, kdump haifanyi kitu.

---

Njombe_Baridi

Kdump inasubiri paniki, na kuganda si paniki. Unaitengeneza kwa mkono. Weka `kernel.unknown_nmi_panic = 1` kwenye faili la /etc/sysctl.d, kisha seva ikiganda tuma NMI (ishara ya dharura kwa prosesa ambayo haizuiliki kwa kawaida) kupitia BMC:

`ipmitool -I lanplus -H IP_ya_BMC -U mtumiaji chassis power diag`

Kerneli inapokea NMI, inaanguka, dampu inaenda NAS ikiwa na picha ya kilichoigandisha. Jaribu siku moja ukiwa tayari, kwa sababu baadhi ya BMC zinafasiri amri hiyo tofauti.

`kernel.softlockup_panic = 1` nayo ni nzuri kwa seva halisi; kwenye mashine pepe iliyojaa wenzake inaweza kuangusha bila sababu. `kernel.hung_task_panic` ogopa kidogo. Inahesabu michakato iliyokwama kwa sekunde 120, na seva inayofanya kazi na NAS nzito inaweza kufika hapo huku kila kitu kikiwa kizima. Washa kwa muda unapowinda kosa, kisha zima.

---

FundiUyole

Moja kwa wote: kila kerneli mpya inayoletwa na `dnf update` inapata initramfs yake ya kdump, faili la /boot linaloishia na kdump.img. Kama /boot imejaa, kerneli mpya inaingia lakini initramfs ya kdump inashindwa kujengwa, na seva inawaka vizuri bila kinga yoyote. Baada ya kila sasisho la kerneli: `df -h /boot`, `kdumpctl status`, na `cat /sys/kernel/kexec_crash_loaded`. Kama una mfumo wa kufuatilia seva, hiyo ya tatu iingize humo, ipige kengele ikitoa 0.